Petroli Yenye Ethanoli: Jina, Kitu na Tahadhari

Makala haya yanakusudia kueleza petroli yenye ethanoli ni kitu gani na hufanyaje kazi katika magari na pikipiki, kisha kupendekeza maneno ya Kiswahili yatakayomwezesha mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali kulieleza jambo hili pasipo kumpotosha mwananchi. Hatusemi kwamba kesho asubuhi pampu za Katesh au za Babati zitaanza kutoa mafuta hayo. Tunasema kwamba maneno yake yamekwisha kutufikia. Yamo katika vitabu vya maelekezo ya pikipiki mpya, katika vibandiko vya matangi na vifuniko vya magari, katika sheria za nchi jirani na katika barua za ndugu zetu walioko ng'ambo. Maneno hayo yakifasiriwa vibaya, hasara humwangukia mwenye chombo.

Ili tusizungumze katika hewa, tuchukue mahali pamoja. Kata ya Mogitu imo katika Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara. Barabara ya kwenda Haydom, upande wa Mbulu, huanzia hapo. Watu wengi wa sehemu hizo huzungumza Kiiraqw au Kidatooga nyumbani, na Kiswahili ndicho lugha yao ya shule, ya soko na ya ofisi. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali, gunia la mbegu na mwalimu aendaye kazini, wote hawa huweza kusafiri kwa pikipiki. Tuseme basi kijana mmoja wa hapo amenunua pikipiki mpya, na juu ya tangi lake akaona herufi E ikifuatwa na tarakimu 20. Anamwendea mwalimu wa kijiji amweleze. Mwalimu atamjibu nini? Swali hilo ndilo litakalotuongoza.

1. Kitu chenyewe

Ethanoli ni kimiminika kisicho na rangi, kiwakacho upesi, kinachopatikana kwa kuchachua sukari au wanga na kisha kuukeneka mchachuko huo. Inaweza kutokana na molasi ya miwa, mahindi, mtama au muhogo. Ndiyo dutu ileile iliyomo katika pombe zote. Lakini mkeneko wa kawaida haumalizi maji yote. Hufika kiasi cha asilimia 96 kwa uzito na kukwama hapo. Ili ifae kuchanganywa na petroli, maji yaliyobaki hayana budi kuondolewa kwa njia nyingine, kama vile kupitisha mvuke wake katika chembechembe zinazonasa maji na kuiacha ethanoli ipite. Kwa hiyo zipo ethanoli mbili ambazo mfasiri lazima azitenganishe: ethanoli kavu, ambayo huchanganywa na petroli, na ethanoli yenye maji, ambayo nchini Brazil huuzwa peke yake kwa magari yaliyoundwa kuitumia.

Herufi E husimama badala ya ethanoli, na tarakimu inayofuata hutaja sehemu zake katika mia, kwa ujazo. E10 ni petroli yenye ethanoli isiyozidi asilimia 10. E20, isiyozidi 20. Neno "isiyozidi" lisisahauliwe. Huko Marekani mafuta yaitwayo E85 huweza kuwa na ethanoli asilimia 51 hadi 83 kufuatana na majira na mahali. Hapo tarakimu imekuwa jina tu, wala si kipimo halisi, na mfasiri akiandika "asilimia 85 ya ethanoli" atakuwa amesema lisilo kweli.

Jambo hili si geni katika Afrika. Zimbabwe ilianza kuchanganya ethanoli ya Triangle mwaka 1980. Malawi ilianza mwaka 1982 kwa ethanoli ya Dwangwa. Kenya ilichanganya ethanoli ya Muhoroni kwa kiasi cha asilimia 10 tangu mwaka 1983 hadi 1993, mpango ulipokoma, na ugomvi wa bei ukiwa miongoni mwa sababu. Uganda ilitunga sheria mwaka 2020 inayoruhusu mchanganyo wa hadi asilimia 20. Tanzania ilitoa mwongozo wake wa kuendeleza nishati ya mimea mwaka 2010. Mbali na Afrika, Brazil ilianzisha mpango wake mkubwa mwaka 1975 na kufikia asilimia 30 mwaka 2025. Uingereza iliifanya E10 kuwa petroli ya kawaida mwaka 2021. India, ambako hutoka pikipiki nyingi zinazoonekana katika barabara zetu, ilifikia asilimia 20 mwaka 2025. Ndiyo sababu kibandiko cha E20 kinaweza kuonekana Mogitu hata kama pampu iliyo karibu haina tone la ethanoli. Kibandiko hicho hakielezi kilichomo ndani ya tangi. Kinaeleza kinachoruhusiwa kutiwa.

2. Inavyofanya kazi katika injini

Ethanoli ina faida na ina gharama, na mwalimu asifiche upande wowote.

Faida ya kwanza ni kwamba huzuia injini kugonga. Petroli hafifu huwaka kabla ya wakati wake inapobanwa, na dereva husikia mgongano kama wa misumari. Uwezo wa kustahimili mbano hupimwa kwa kipimo cha oktani, na oktani ya ethanoli ni kubwa kuliko ya petroli ya kawaida. Faida ya pili ni kwamba hupunguza kiasi cha mafuta yanayoagizwa kutoka nje na kumpa soko mkulima wa miwa au nafaka. Lakini nafaka iliyokwenda kiwandani haikwenda jikoni, na katika wilaya zinazolima mahindi na ngano jambo hilo lataka mjadala wa wazi.

Gharama ya kwanza ni nguvu. Lita moja ya ethanoli ina nishati kiasi cha theluthi mbili tu ya ile iliyo katika lita moja ya petroli. Tangi la lita 10 likijazwa E10 lina lita 9 za petroli na lita 1 ya ethanoli. Kazi yake ni sawa na ya lita 9 na theluthi mbili za petroli tupu. Upungufu ni kiasi cha asilimia 3. Kwa E20 hufika kama asilimia 7. Mwenye pikipiki ya kubeba abiria, ambaye huhesabu faida yake kwa safari, ana haki ya kuambiwa hesabu hiyo kabla ya kutaja bei.

Gharama ya pili ni hewa. Ethanoli ina oksijeni ndani yake, hivyo huhitaji hewa kidogo kuliko petroli ili kuwaka sawasawa. Gari la kisasa lina kihisi cha oksijeni katika bomba la moshi, nalo hurekebisha kiasi cha mafuta lenyewe. Pikipiki yenye kabureta haina uwezo huo. Kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta ni kilekile siku zote, na ethanoli ikizidi, injini hupata mafuta machache kuliko inavyohitaji, ikapata joto kupita kiasi.

Gharama ya tatu ni vifaa. Ethanoli huweza kulainisha au kupasua mipira, gasketi na mabomba ya zamani yasiyotengenezwa kwa ajili yake, na hung'oa uchafu uliolala ndani ya tangi kwa miaka. Ndiyo maana chujio la petroli huweza kuziba mara baada ya kujaza kwa mara ya kwanza.

Gharama ya nne, na kwa pikipiki iliyo kubwa kuliko zote, ni maji. Petroli tupu haichangamani na maji. Maji huzama chini na kubaki huko. Ethanoli hufyonza maji. E10 huweza kubeba maji kiasi cha nusu ya sehemu moja katika mia; katika tangi la lita 10 hiyo ni kama vijiko vitatu vya chakula. Yakizidi hapo, ethanoli huiacha petroli na kushikamana na maji, na vyote viwili hushuka chini. Baridi nayo hupunguza uwezo wa kubeba maji, kwa hiyo petroli iliyokuwa sawa mchana huweza kutengana usiku, hasa katika miinuko kama ya Hanang miezi ya Juni na Julai. Bomba la kabureta hunyonya kutoka chini ya tangi, basi asubuhi injini hupewa maji na ethanoli, nayo hukataa kuwaka. Kulitikisa tangi si dawa. Hapana budi kumwaga yote na kuanza upya. Anayehifadhi petroli ya namna hii katika dumu lisilofungwa vizuri, au chini ya bati linalovuja, anajitafutia hasara hiyo kwa mikono yake.

3. Majina yanayopotosha

Sasa tuje kwenye lugha. Majina kadhaa yamependekezwa au hutumika ovyo, na kila moja lina kasoro yake.

"Mafuta ya mimea" halifai. Kwa mwananchi wa Hanang anayelima alizeti, mafuta ya mimea ni ya kupikia. Neno mafuta katika Kiswahili hubeba mambo mengi: ya kula, ya kupaka, ya taa, ya kulainisha na ya kuendeshea mitambo. Kwa jumla ya nishati zitokanazo na mazao tuseme "nishati ya mimea", na kwa hii tunayoizungumzia tutaje petroli kwa jina lake.

"Petroli ya mchanganyiko" nalo lina utata. Injini za mapigo mawili, zilizomo katika pikipiki za zamani na misumeno ya kukatia miti, hutumia petroli iliyochanganywa na oili. Fundi akiambiwa "tia mchanganyiko" atatia oili. Jina lisilotaja kilichochanganywa halijasema kitu.

"Spiriti", "pombe" na "alkoholi" yana hatari kubwa zaidi. Alkoholi ni jina la ukoo mzima wa dutu, na ndani ya ukoo huo imo methanoli, ambayo hupofusha macho na kuua. Spiriti inayouzwa kwa kazi za viwanda na majumbani huweza kuwa na methanoli hiyo. Tusisahau pia kwamba pombe ya kukeneka haikuanza leo nchini. Tanganyika ilizoea kuiita gongo au moshi, na sheria ya mwaka 1966 iliitaja kwa jina la moshi. Mtu akisikia kwamba petroli "ina pombe", huenda akafikiri kwamba ethanoli ya kiwandani hunyweka. La hasha. Ethanoli ya kuendeshea vyombo hutiwa vitu vya kuifanya isinyweke, na petroli yenyewe ni sumu. Kwa sababu hiyo twapendekeza neno moja tu, "ethanoli", na kwa mchanganyo wake "petroli yenye ethanoli". Jina ni refu kidogo, lakini linasema lilichonacho.

4. Kuchanganya si kuchakachua

Yapo maneno mawili ambayo mtumishi wa serikali lazima ayatumie kwa uangalifu. Yapata mwaka 2010 neno "kuchakachua" lilienea Tanzania nzima kwa maana ya kutia mafuta ya taa katika dizeli au petroli ili kumpunja mnunuzi. Wakati wa uchaguzi mkuu wa mwaka huo likahamia katika kura. Mwaka huohuo mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza kutia alama ya siri katika mafuta ili kuyatambua, na alama hiyo ikaitwa "vinasaba". Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kuondoa faida ya udanganyifu huo.

Historia hiyo imeacha shaka katika fikira za watu. Mwananchi akiambiwa kwamba petroli imetiwa kitu kingine, jambo la kwanza atakalolitamka ni kwamba imechakachuliwa. Basi tofauti ielezwe hivi: kuchanganya ni tendo la wazi, lenye kipimo kilichotangazwa na chombo kinachoruhusiwa, kuchakachua ni tendo la siri, lenye nia ya kudanganya. Muuzaji atiaye ethanoli asilimia 10 na kuandika E10 pampuni amechanganya. Atiaye asilimia 25 na kuandika E10, au asiyeandika kabisa, amechakachua, ijapokuwa kilichotiwa ni kilekile. Wapo wanaopendekeza "kuzimua", lakini neno hili hutumika kwa kupunguza ukali wa kitu kwa kuongeza maji, nayo maji ndiyo adui wa petroli hii. Tuliache.

Kuhusu "vinasaba", neno hili katika elimu ya viumbe ni jina la vile vinavyorithisha tabia kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Limekwisha kuzoeleka pia kwa alama ya mafuta, na hatudhani kwamba litang'oka. Lakini mwalimu wa sayansi awaeleze wanafunzi kwamba hapo ni sitiari tu, na mfasiri wa waraka wa kitaalamu anaweza kuandika "alama ya utambuzi" asilete utata.

5. Tafsiri moja na hasara yake

Tuonyeshe kwa mfano jinsi neno moja linavyoweza kuleta hasara. Huko Marekani mwaka 2011 ruhusa ya kutumia E15 ilifikishwa kwa magari yaliyoundwa tangu mwaka 2001. Pikipiki hazikuruhusiwa, na pampu zikatakiwa kubandikwa ilani. Tuseme mfasiri amepewa habari hiyo, naye akaandika: "E15 inaruhusiwa kwa vyombo vya moto vilivyotengenezwa tangu mwaka 2001." Sentensi ni nzuri na sarufi yake haina dosari. Lakini katika sheria na mazungumzo yetu "chombo cha moto" ni gari na pikipiki pia. Kwa neno hilo moja mfasiri ameiruhusu pikipiki iliyokatazwa.

Tafsiri yenye kufaa ni hii: "E15 inaruhusiwa kwa magari yaliyotengenezwa tangu mwaka 2001. Usiitie katika pikipiki." Hapo mfasiri amegawa sentensi moja kuwa mbili, na katazo likasimama peke yake mahali ambapo msomaji hawezi kulikosa. Katika ilani, uaminifu kwa maana hutangulia uaminifu kwa umbo la sentensi.

Jambo hilohilo lahusu neno "inaoana". Kitabu kikisema kwamba pikipiki "inaoana na E20", maana yake ni kwamba vifaa vyake havitaharibiwa na E20. Haina maana kwamba lazima ipewe E20. Andika: "Pikipiki hii inaweza kutumia petroli yenye ethanoli isiyozidi asilimia 20."

6. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Ethanoli: kimiminika kiwakacho, kitokanacho na sukari au wanga uliochachuliwa na kukenekwa.

Ethanoli kavu: ethanoli iliyoondolewa maji ili ifae kuchanganywa na petroli.

Ethanoli yenye maji: ethanoli ambayo maji yake hayakuondolewa yote baada ya kukenekwa.

Petroli yenye ethanoli: petroli iliyochanganywa na ethanoli kavu kwa kipimo kilichotangazwa.

Kiwango cha mchanganyo: sehemu ya ethanoli katika mia, kwa ujazo.

Kufyonza maji: tabia ya ethanoli kuvuta na kushika maji, pamoja na unyevu wa hewani.

Mtengano: hali ya ethanoli na maji kuiacha petroli na kushuka chini ya tangi.

Kipimo cha oktani: kipimo cha uwezo wa mafuta kustahimili mbano bila kuifanya injini igonge.

Kuchakachua: kutia kitu katika mafuta kwa siri ili kudanganya.

Alama ya utambuzi: dutu itiwayo katika mafuta ili kuyatambua, kwa mazoea, vinasaba.

7. Jibu la mwalimu

Turudi kwa kijana wetu wa Mogitu. Mwalimu aliyeyasoma haya aweza kumjibu hivi: "Kijana wangu, alama hii yasema kwamba pikipiki yako inaweza kutumia petroli yenye ethanoli isiyozidi sehemu ishirini katika mia. Hailazimiki kupewa hiyo. Petroli tupu yaifaa vilevile. Ukipewa yenye ethanoli, itakwenda mwendo mfupi kidogo kwa lita ileile, basi uliza bei. Linda tangi lako na dumu lako yasiingie maji, wala usiiweke petroli hiyo muda mrefu bila kuitumia. Na muuzaji akuambie kiwango chake kabla hajakutilia." Jibu hilo halina neno ambalo kijana hawezi kulielewa, na halina neno ambalo mkemia atalikataa.

Mapendekezo haya ni ya mwandishi, nayo yanatolewa ili yajadiliwe. Mafundi wa pikipiki na wauzaji wa petroli nao waulizwe, maana huenda wanayo majina mazuri kuliko haya. Walimu na wafasiri walio karibu nao wangefanya vyema kuyakusanya mapema, kabla vibandiko havijawatangulia.